"Amefika wapi?" Redio inayosema mahali ulipo, na mlango wake wa kuingia intaneti



Huku kwetu kuna swali moja ambalo kila nyumba inaliuliza karibu kila juma: "Amefika wapi?" Motari ametoka asubuhi, amebeba mama mgonjwa, anaelekea Walikale-centre. Saa sita inapita, saa nane inapita. Unapiga simu, ile sauti ya mashine inakujibu kwamba namba haipatikani. Rezo haiko. Labda mpira umetoboka. Labda pikipiki imezama kwenye matope. Labda wamesimamishwa kwenye bariyeri. Labda wamekwisha kufika na mama amelala kitandani salama. Hujui. Na kinachochosha watu si matope tu, ni kule kutokujua.

Leo nataka niwaeleze kitu kimoja ambacho wapenda redio duniani wamekitengeneza kwa ajili ya swali hilohilo. Kinaitwa APRS. Ni redio ndogo inayotangaza yenyewe mahali ilipo, bila simu, bila unite, bila mnara wa kampuni. Na kina rafiki yake anayeitwa aigeti, yaani lango linalochukua ile sauti ya redio na kuiingiza kwenye intaneti. Nitaeleza kinavyofanya kazi, halafu tuulizane kwa ukweli: kingefaa Walikale au hapana? Jibu langu si "ndiyo" rahisi, kwa hiyo musikimbie mbele ya kufika mwisho.

Kaye ya mjomba

Mbele ya simu za mkononi, wazazi wetu walikuwa na foni. Wadogo labda hamuikumbuki: chumba kidogo, batri ya gari chini ya meza, waya mrefu umefungwa kati ya miti miwili, na mtu mmoja anapaza sauti: "Goma, Goma, Mubi anakuita!" Wafanyabiashara walipitisha humo bei ya kasiterite, ndege ndogo zilizokuwa zinatua juu ya barabara pale Kilambo, chakula, vifo, harusi. Vyote vilipita foni.

Mjomba wangu mmoja alifanya kazi hiyo. Alikuwa na kaye yenye mistari. Kila ujumbe ukiingia, aliandika vitu vitatu kwanza: nani, wapi, saa ngapi. Halafu ndipo maneno yenyewe. Jioni mtu akija kuuliza, "Mutoto wangu alitoka Goma?", mjomba alifungua kaye na kusoma: "Ametoka jana saa mbili asubuhi, leo alilala Masisi."

Shikeni vizuri hiyo kaye. APRS ni kaye ya mjomba iliyofundishwa kujiandika yenyewe. Na aigeti ni mjomba mwenyewe: mtu aliyekaa kati ya redio na watu wasio na redio.

Wazo lilitoka wapi

Mwanzilishi wake ni Bob Bruninga, Mmarekani aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini, kisha akafanya kazi kwenye chuo cha jeshi hilo kule Annapolis. Redioni alijulikana kwa jina la WB4APR. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliandika programu ya kuchora kwenye ramani mahali zilipo meli, kwa kutumia taarifa zilizokuwa zinakuja kwa redio. Mwaka 1984 alitumia kompyuta ndogo ya nyumbani, VIC-20, kufuatilia mbio ndefu za farasi za maili 100. Hakuna aliyeweza kuwaona farasi wote kwa macho, kwa hiyo vituo vya njiani vilitangaza nani amepita na saa ngapi. Vipokezi vya GPS viliposhuka bei katika miaka ya 1990, redio ikaanza kujisemea yenyewe mahali ilipo. Bruninga alifariki Februari 2022, lakini kazi yake inaendelea duniani kote.

Jambo moja alilisisitiza maisha yake yote: hakuitengeneza APRS iwe mashine ya kufuata magari tu. Aliitaka iwe ubao mmoja wa matangazo wa eneo zima. Mtu akiwasha redio, aone mara moja yanayotokea karibu naye: nani yuko wapi, hali ya hewa ikoje, mkutano uko wapi, nani anaomba msaada. Mahali ulipo ni habari moja kati ya nyingi.

Sekunde moja hewani

Sasa tuone safari ya ujumbe mmoja. Tuseme una redio ya mkononi yenye GPS ndani, uko njiani karibu na Walikale-centre.

Kwanza, GPS inasikiliza setilaiti na kupata namba zako mbili: umbali kutoka Ikweta na umbali kutoka mstari wa Greenwich. Walikale-centre iko karibu na nyuzi 1 dakika 25 kusini, nyuzi 28 dakika 4 mashariki. Kwa lugha ya APRS hiyo inaandikwa 0125.00S na 02804.00E. Zile tarakimu mbili za mwisho ni sehemu za mia za dakika. Dakika moja ya latitudo ni karibu mita 1,852, kwa hiyo sehemu moja ya mia ni mita 18 na nusu. Maana yake ujumbe mfupi namna hiyo unatosha kusema uko upande gani wa soko.

Pili, redio inafunga kifurushi kinachoitwa paketi. Ndani kuna jina lako la redio, namba zile mbili, alama ya picha (gari, mtu, nyumba, pikipiki), na maneno machache ukipenda. Jina la redio ni kama plaki ya gari, kila nchi ina mwanzo wake. Kongo yetu ni 9Q, Tanzania 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U. Nyuma ya jina unaweza kuongeza namba ya kuonyesha uko na kifaa gani. Kwa mazoea, 9 ni gari, 7 ni redio ya mkononi, 10 ni lango la intaneti.

Tatu, kifurushi kinageuzwa kuwa sauti. Ndiyo, sauti kabisa, inayosikika kama mlio wa panzi. Kuna toni mbili, moja ya mitetemo 1,200 kwa sekunde na nyingine 2,200. Kubadilisha toni au kutobadilisha ndiko kunakobeba zile sifuri na moja. Kasi ni biti 1,200 kwa sekunde. Ukilinganisha na intaneti ya simu ni konokono. Lakini hesabu: ujumbe wa herufi 100 ni biti kama 800. Ukiongeza muda wa redio kuamka, sekunde moja imetosha. Sekunde moja tu, halafu hewa inabaki huru kwa wengine.

Nne, sauti inatoka kwenye antena. Ulaya na nchi nyingi za Afrika zinazotumia APRS ziko kwenye megahezi 144.800, Marekani ya Kaskazini wako 144.390. Wote wa eneo moja wanatumia wimbi moja kwa zamu, kama watu walioketi barazani: unasikiliza kwanza, ukimya ukipatikana, unasema. Paketi ikigongana na nyingine, hakuna anayelia. Dakika chache baadaye unatangaza tena.

Jirani anayerudia

Redio ya mkononi ni dhaifu. Ndiyo sababu kuna kituo cha pili kinachoitwa dijipita. Kazi yake ni ya jirani mwenye sauti kubwa aliyekaa mlimani: anasikia ulichosema, anakirudia vilevile kwa nguvu zaidi. Hahitaji intaneti. Anahitaji mahali pa juu, redio, modemu ndogo na batri inayochajiwa na sola.

Lakini kila mlima ukirudia kila kitu bila mpaka, hewa itajaa kelele. Kwa hiyo ndani ya paketi unaandika idadi ya kurudiwa, kwa mfano mara moja au mara mbili. Kila dijipita inayorudia inapunguza hesabu. Ikifika sifuri, safari imekwisha. Tena dijipita inakumbuka paketi iliyokwisha kuirudia punde, hairudii mara ya pili. Watu wa kijiji wangejifunza kwake namna ya kupitisha habari!

Lango la intaneti

Tumefika kwenye aigeti. Hiki ni kituo chenye masikio mawili. Sikio moja liko kwenye redio, jingine kwenye intaneti. Kikisikia paketi kwa redio, kinaipeleka kwenye seva za mtandao unaoitwa APRS-IS, uliojengwa katika miaka ya 1990, na Steve Dimse, K4HG, akiwa mmoja wa walioufungulia njia. Kutoka huko yeyote duniani anaweza kuiona kwenye ramani. Ramani inayojulikana zaidi ni aprs.fi, iliyotengenezwa na Heikki Hannikainen wa Finlandi.

Kwa hiyo redio yako njiani haihitaji intaneti. Inatosha kituo kimoja tu, kilomita kadhaa mbali, kiwe nayo. Wewe upo msituni bila rezo, paketi yako inapanda mlimani, inashuka kwenye lango, na dada yako aliyeko Kampala anaona nukta yako ikitembea.

Na lango zuri linasikia pande zote mbili. Dada akikuandikia ujumbe mfupi, seva inajua ni lango gani lilikusikia mwisho, inaupeleka huko, na lango linautangaza kwa redio. Redio yako ikiupokea inajibu yenyewe: nimepata. Hapa mjomba angecheka, kwa sababu ndivyo alivyofanya: anatuma kijana na karatasi mpaka nyumbani kwa mwenye ujumbe, na kijana anarudi na jibu.

Vifaa vyake si vya ajabu. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, inayokula watti chache tu, inaweza kubeba programu ya bure inayoitwa Direwolf, iliyoandikwa na John Langner. Programu hiyo inasikiliza ile milio ya panzi na kuigeuza kuwa maandishi. Upande wa intaneti ndio ulikuwa mgumu kwetu, lakini hata huo unabadilika. Mwaka 2025 mamlaka ya mawasiliano ya nchi, ARPTC, ilitoa ruhusa kwa Starlink kufanya kazi Kongo.

Msitu hausikii maneno matamu

Musijidanganye lakini. Mawimbi ya megahezi 144 yanakwenda karibu kama macho yanavyoona. Mlima ukisimama katikati, yamekwisha. Kuna hesabu rahisi ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuifanya: chukua mzizi wa pili wa urefu wa antena ya kwanza kwa mita, jumlisha na mzizi wa pili wa urefu wa antena ya pili, zidisha kwa 4.12. Unapata kilomita.

Antena ya lango ikiwa juu ya mlingoti wa mita 20, na redio yako iko mkononi, mita 1 na nusu, jibu ni karibu kilomita 23. Ukiipeleka antena hiyohiyo juu ya kilima kinachopita bonde kwa mita 100, jibu linakuwa karibu kilomita 46. Hiyo ni kwenye ardhi tupu. Kwenye msitu wetu, majani yenye maji na miti mikubwa yanakula nguvu ya wimbi, kwa hiyo punguza sana. Somo ni moja: kwenye redio hizi, urefu unashinda nguvu. Sola na batri mlimani ni bora kuliko redio kubwa bondeni.

Foni ya mjomba ilikuwa tofauti. Ilitumia mawimbi mafupi, yanayogonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mbali sana. Ndiyo sababu Mubi iliweza kuongea na Goma juu ya milima yote ya Masisi. Kila chombo na njia yake.

Luvungi

Sasa niseme kwa nini jambo hili si mchezo wa wasomi.

Kuanzia 30 Julai hadi 2 Agosti 2010, kwenye barabara ya Kibua kwenda Mpofi, hapa hapa Walikale, waasi waliingia vijiji 13. Luvungi ndiyo iliyojulikana zaidi. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa: wanawake, wasichana, wanaume na wavulana. Kambi ya walinda amani ya Kibua ilikuwa umbali wa kilomita kama 30. Washambuliaji walizuia barabara, na wanakijiji hawakuweza kufikia mawasiliano ya nje. Mkuu wa MONUSCO wakati huo alisema wao walipata habari ya ubakaji huo tarehe 12 Agosti. Dunia ilisikia kwa sauti kubwa baada ya 20 Agosti.

Siku nne za mateso, kilomita 30, na habari inachukua juma zima na zaidi. Kila mara nikisoma kuhusu APRS nakumbuka hiyo hesabu. Paketi moja inahitaji sekunde moja.

Lakini tuseme ukweli wote. Tangu 30 Julai lilikuwepo onyo kwa watumishi wa mashirika kwamba waasi wamefika upande huo. Habari kidogo ilikuwepo. Kilichokosekana ni habari kamili, na mtu wa kuamka kwa sababu ya habari hiyo. Redio inabeba ujumbe, haibebi huruma. Lango likipokea "tusaidieni" na upande wa pili hakuna aliyepewa kazi ya kujibu, umejenga mlango wa nyumba isiyo na mtu. Baada ya Luvungi, MONUSCO iliongeza mitandao ya tahadhari kwenye vijiji, ikagawa simu na redio, ikaweka wafanyakazi wa kuunganisha kambi na wanakijiji. Yaani walitafuta wajomba.

Walivyofanya kule Uele

Mfano wa karibu zaidi na aigeti uliowahi kufanya kazi katika Kongo yetu haukutumia APRS hata kidogo. Uko Haut-Uele na Bas-Uele.

Desemba 2009, kati ya tarehe 14 na 17, waasi wa LRA waliua watu wasiopungua 321 katika eneo la Makombo na kuteka zaidi ya 250. Dunia ilikuja kujua vizuri mwezi Machi 2010, shirika la Human Rights Watch lilipotoa ripoti. Miezi mitatu!

Kanisa la Katoliki la huko lilikuwa tayari na foni kwenye parokia zake. Shirika la Invisible Children likasaidia kuongeza foni nyingine vijijini. Waendeshaji walikuwa wenyeji, wanaongea hewani kwa saa zilizopangwa, asubuhi na jioni: nani ameonekana, wapi, saa ngapi. Kaye ileile. Taarifa ziliandikwa, zikakaguliwa, na kuanzia 2011 zikawekwa kwenye ramani ya intaneti iliyoitwa LRA Crisis Tracker, ambayo Invisible Children waliitengeneza pamoja na shirika la Resolve. Kijiji kisicho na rezo kikaonekana Washington.

Tofauti na APRS iko mahali pamoja: katikati alikaa mtu, siyo mashine. Mtu anachelewa, anachoka, anaugua. Lakini mtu anajua pia kunyamaza. Na hapo tunaingia kwenye sehemu ngumu.

Mambo matatu ya kufikiri mbele ya kununua chochote

La kwanza ni sheria. Mawimbi ni mali ya nchi. Kwetu yanasimamiwa na ARPTC chini ya sheria namba 20/017 ya 25 Novemba 2020. Redio ya kutuma bila ruhusa ni kosa, na jina la redio si la kujipachika. Tanzania wanakwenda TCRA, Kenya wanakwenda Communications Authority, Uganda UCC. Kwenye eneo la vita, mtu aliyekutwa na redio isiyo na karatasi anaitwa mpelelezi mbele ya kuulizwa jina. Musimpe mtu yeyote sababu hiyo.

La pili: redio ya wapenda redio si ya biashara. Huwezi kuitumia kufuata mizigo ya kasiterite kutoka Bisie, wala kuendesha kampuni ya wamotari. Anayetaka hayo aombe mawimbi ya kazi na alipe. Hii inapunguza ndoto nyingi, lakini ndiyo kanuni ya dunia nzima: wimbi hili ni la kujifunza, kujaribu, na kusaidiana wakati wa msiba.

La tatu ndilo zito kuliko yote: paketi ya APRS iko wazi. Kanuni za wapenda redio zinakataza kuficha maana ya ujumbe kwa siri. Kila anayesikiliza anakusoma. Kule Ulaya hilo ni zuri, mtu anaonyesha gari lake likipanda mlima siku ya mapumziko. Huku kwetu, nukta inayotembea juu ya ramani inaweza kumwambia mwenye silaha: gari la dawa liko hapa, litapita daraja baada ya dakika 20. Machi 2025 vita vilifika Walikale-centre, na mgodi wa Bisie ulisimamisha kazi mpaka mwezi uliofuata. Katika siku kama zile, je, ungetaka nukta yako ionekane? Mimi hapana.

Ndiyo maana nasema jibu si "ndiyo" rahisi. Kituo cha hali ya hewa, kipimo cha maji ya mto Lowa wakati wa mvua, mahali pa kituo cha afya: hivyo vyote havitembei, na kila mtu anajua viko wapi. Kuvitangaza wazi hakumuumizi mtu. Mama mgonjwa juu ya pikipiki ni habari nyingine. Kwake, mjomba na kaye yake, anayejua nani anauliza na kwa nini, bado ni salama kuliko ramani ya dunia nzima.

Mlima mrefu kuliko yote

Kabla ya kufunga, niwape kitu cha kufurahisha. Kuna dijipita moja ambayo haijali milima ya Masisi. Iko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachozunguka dunia kwa urefu wa kilomita kama 400. Redio ya wapenda redio iliyomo ndani inarudia paketi kwenye megahezi 145.825. Njia ya kituo hicho inapita juu ya Ikweta kila mzunguko, kwa hiyo siku kadhaa kinapita karibu na utosi wa Mubi. Kila kupita ni dakika kama 10.

Kwa urefu huo, kinasikika chini kwa kilomita karibu 2,200 kila upande. Nairobi haifiki hata nusu ya umbali huo kutoka hapa. Maana yake mwenye ruhusa akituma paketi kutoka Mubi, kituo cha anga kinairudia, na lango lolote linalosikiliza ndani ya duara hilo, hata kama liko nchi nyingine, linaweza kuiingiza intaneti. Hakuna mnara, hakuna mlima, hakuna bariyeri.

Tuanzie wapi?

Kusikiliza na kuelewa ndiyo hatua ya kwanza. Ninapendekeza kwa umoja wetu wa wasomi mambo ya ukubwa wa mfuko wetu.

Wanafunzi wa fizikia na elektroniki wachukue ile hesabu ya 4.12 na ramani ya urefu wa ardhi, watafute vilima vitatu ambavyo vingeona barabara ya Mubi mpaka Walikale-centre. Hiyo ni kazi ya karatasi na jasho, haihitaji ruhusa ya redio, na ni TFC nzuri kabisa. Wa informatike wajaribu Direwolf kwa rekodi za sauti, wajenge ramani isiyohitaji intaneti. Wa sheria watuandikie kwa lugha nyepesi namna ya kuomba jina la 9Q na gharama zake. Wa sosholojia wawatafute waendeshaji wa foni wa zamani, ambao bado wako hai, wawaulize: mlijuaje ni habari gani ya kusema hewani, na ipi ya kumnong'oneza mtu mlangoni? Elimu hiyo haipo kwenye kitabu chochote cha APRS, na ndiyo tunayoihitaji kuliko antena.

Antena, kwa kweli, ndiyo rahisi. Urefu wa wimbi la 144.800 ni mita mbili na kidogo, robo yake ni kama sentimita 52. Kipande cha waya kilichobaki kwenye ujenzi kinatosha.

Mjomba aliacha foni simu zilipofika. Kaye zake zililiwa na mchwa. Lakini nakumbuka jioni moja mvua inanyesha, mama mmoja alikuja amelowa, akauliza swali letu la siku zote. Mjomba hakufungua hata kaye. Alisema tu: "Amefika. Alikula. Amelala." Yule mama alikaa chini palepale kwenye udongo, akalia, akacheka, akarudi nyumbani.

Maneno matatu. Tukiweza kujenga kitu kinachopeleka maneno matatu namna hiyo kwa anayestahili kuyasikia, na kwa huyo tu, tutakuwa tumesoma kweli.

Wandugu, museme mawazo yenu. Nani kati yetu bado ana mzazi aliyefanya kazi ya foni?